Miguu ya Naliaka

Naliaka alisimama asubuhi moja ya Aprili, mvua ikiwa imekatika na mabati bado yanadondosha matone. Alikuwa ametambaa hadi kwenye meza ya mashine ya kufumia masweta. Akaushika mguu wa meza kwa mikono yote miwili, akajikaza, akajiinua. Makalio yalibaki nyuma kidogo, kisha nayo yakafuata. Akasimama. Alikuwa hajatimiza mwaka.

Mama yake, Nerima, alikuwa ameketi kwenye hiyo mashine akimalizia mkono wa sweta la shule. Furaha ilimpanda kifuani ghafla kama maziwa yanayochemka. Alifungua mdomo apige kigelegele. Ndipo alipogeuka akamwona Quincy.

Quincy alikuwa kifungua mimba wake, mvulana wa miaka mitano. Alikuwa amelala ubavu kwenye godoro lake dogo chini ya dirisha, mgongo umeegemezwa mto ili asibiringike. Alikuwa akimtazama dada yake. Macho yake hayakupepesa.

Kigelegele kilimfia Nerima kooni. Aliinuka, akamchukua Naliaka, akavuta leso, akamfunga mgongoni. Mtoto alilia na kupiga mateke. Nerima akarudi kwenye mashine, akawa anaisukuma kwenda na kurudi huku akimtikisa mtoto mgongoni, na hakumtazama Quincy tena mpaka wakati wa uji.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hakuna aliyemshauri, wala yeye mwenyewe hakukaa chini akaamua kumzuia mtoto wake kutembea. Alitaka tu asubuhi ile ipite.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Rhonda, Nakuru, chumba na sebule ndani ya ploti ya wapangaji yenye milango inayotazamana. Mumewe, Khisa, alizaliwa papo hapo Nakuru; babu yake alikuja kutoka upande wa Webuye kufanya kazi ya reli, na familia haikurudi tena isipokuwa kwa mazishi. Khisa alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, kwa mashine inayokata vipande. Alikuwa mwanamume wa maneno machache. Watu waliomjua walimsifu kwa jambo moja: tangu mtoto wake wa kwanza aonekane ana shida, hakukimbia. Alimwogesha Quincy, alimlisha, alimbeba begani kwenda kliniki bila kujali nani anatazama. Wanawake wa ploti walimwambia Nerima ana bahati. Nerima alijua ni kweli, na ukweli huo ulimkaa vibaya, kwa sababu ndani yake alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia.

Uchungu wa kumzaa Quincy ulipoanza, Nerima alingoja. Khisa alikuwa kazini, simu imefungiwa kwenye kabati la wafanyakazi. Nerima alimpigia mama yake mzazi kule Kimilili, na mama akamwambia mimba ya kwanza haina haraka, atulie, atembee-tembee. Akatembea-tembea. Akafua hata nguo. Alipofika wodi ya wazazi mambo yalikuwa yamechelewa, na mtoto alitoka kimya, mwili umelegea kama kitambaa kilicholowa. Walihangaika naye mpaka akalia. Miezi ikapita, shingo ikakataa kukaza, mikono ikakunjamana, na daktari akawaambia jina la hiyo hali: mtindio wa ubongo. Aliwaambia pia kwamba si kosa la mtu yeyote. Nerima aliitikia kwa kichwa jinsi mtu anavyoitikia kondakta anapomwambia gari linatoka saa hii. Moyoni alisema: nilikuwa nikifua nguo.

Basi, Naliaka alipoushika ule mguu wa meza, Nerima hakuona tu mtoto anayesimama. Aliona kwamba kwa miaka mitano Quincy amelala mahali pale akiitazama meza ileile. Ilikuwa ni kama kumkalisha mtoto mwenye njaa mbele ya mwingine anayekula. Ndivyo alivyojiambia.

Mwanzoni alimzuia Naliaka wakati Quincy yuko macho tu. Quincy akisinzia, Nerima alimpeleka msichana chumbani, akamsimamisha kando ya kitanda, na hapo alicheka naye kwa sauti ya chini. Lakini Quincy alikuwa na masikio makali. Siku moja alisikia kicheko kutoka chumbani akaanza kuguna, ile sauti yake ya kuuliza, na Nerima akatoka mbio kama mtu aliyefumaniwa. Tangu hapo hata chumbani aliacha.

Akabuni beseni. Lilikuwa beseni kubwa la plastiki la kufulia. Alitandika blanketi ndani, akatupia mabaki ya nyuzi na vifuniko vya chupa, akamweka Naliaka. Mtoto alipojishika ukingoni ainuke, Nerima alinyoosha mkono, akambonyeza begani taratibu, akamkalisha. "Kaa, mama. Kaa tu." Akiinuka tena, anakalishwa tena. Hakumpiga, hakumfokea. Mkono wake ulikuwa mpole kila mara, na baadaye upole ule ndio uliomsumbua zaidi kuliko kofi lolote.

Mei ikaisha. Juni nayo ikafika katikati, na Nerima akatambua kwamba hajaunyoosha mkono kwa muda mrefu. Hakukuwa na haja. Naliaka alikuwa ameacha kujaribu. Alikaa ndani ya beseni na vifuniko vyake, na mama akimtoa alikaa palepale alipowekwa, akinyoosha mikono abebwe.

Nerima aliliona hilo, akaogopa. Akajiambia kesho nitamweka chini. Kesho ilifika na masweta ya watu yakiwa yanangojwa, na Quincy anahitaji kunyooshwa viungo, na mgongoni ndiko kulikuwa rahisi.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa Shosho Wachuka, aliyeuza mboga kwenye kibanda nje ya lango la ploti. Alikuwa mjane aliyetoka Elburgon miaka mingi iliyopita, na mjukuu wake alikuwa rika moja na Naliaka. Mjukuu huyo alikuwa tayari anakimbiza kuku.

"Mama Quincy, huyu wetu bado hajatembea?" aliuliza akifunga sukuma wiki kwa uzi.

"Bado, Shosho. Wengine huchelewa."

"Huchelewa, ndiyo. Lakini hata kusimama?" Shosho alimnyooshea Naliaka kidole, mtoto akakishika. "Mpeleke aangaliwe, mama. Usikae na kitu kama hiki ndani ya nyumba. Unajua ulikotoka."

Nerima alijibu kwamba atampeleka. Hakumpeleka. Wiki iliyofuata Shosho alimwona Khisa akitoka kazini, na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye roho nzuri, akamwambia naye.

Khisa aliingia nyumbani siku hiyo akaweka mfuko wake chini bila kuvua viatu. Alimtazama Naliaka ndani ya beseni kwa muda. Akauliza, "Huyu mtoto husimama mchana nikiwa sipo?"

Hapo ndipo Nerima angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache. Badala yake alisema, "Hujaribu jaribu tu."

"Hujaribu, ama hasimami?"

"Baba Quincy, chakula kinapoa."

Khisa hakula. Na tangu jioni hiyo nyumba ilibadilika. Khisa, ambaye hupiga mluzi akimwogesha Quincy, aliacha kupiga mluzi. Akianza kusema kitu anakatiza. Jumamosi mchana Nerima alitoka kuanika nguo, akasahau vibanio, akarudi ghafla. Alimkuta mumewe amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amemlaza Naliaka chali, na kwa mikono yake mikubwa yenye mikwaruzo ya kiwandani alikuwa akimkunja goti moja na kulinyoosha, kisha la pili, polepole, jinsi walivyofundishwa kliniki kumfanyia Quincy. Alikuwa anatafuta ule ugumu wa viungo aliouzoea kwa Quincy. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, na Naliaka alikuwa anacheka akidhani ni mchezo.

Khisa alipomwona mkewe hakujificha.

"Keti," alisema. Nerima akaketi. "Kuna kitu sikukuambia. Tangu Quincy. Baba yangu alikuwa na ndugu, nyumbani huko. Hakuwahi kutembea. Walimficha jikoni mpaka akafa. Mimi nilimwona mara moja nikiwa mdogo. Tulipoambiwa habari ya Quincy, nilijua ni sisi. Ni damu yetu. Nikanyamaza kwa sababu nilidhani ukijua utaniacha."

"Khisa..."

"Na bado nikataka mtoto mwingine. Nilijua, na bado nikataka. Sasa angalia." Aliushika unyayo wa Naliaka, ukapotea ndani ya kiganja chake. "Nimekuletea wawili."

Nerima aliomba sakafu impasukie. Mwanamume huyu alikuwa amebeba mzigo wake kimya kwa miaka mitano, na sasa alikuwa ameongezewa mwingine usio wake. Yeye ndiye aliyemtwika. Angeweza kuutua kwa sentensi moja. Alifungua mdomo, akaona jinsi uso wa Khisa utakavyogeuka akishasikia, akaufunga.

"Si wewe," alisema. Ndilo neno pekee alilopata. Khisa alidhani anamfariji, akamshika mkono, na mkono huo ukamchoma Nerima.

Jumatatu Khisa aliomba ruhusa kazini. Wakaenda wote wanne kwenye kliniki ya therapi ambako Quincy alikuwa akitibiwa tangu akiwa mdogo, katika hospitali mjini. Aliyewapokea alikuwa Chemutai, mtaalamu wa viungo, mwanamke mrefu wa Kericho ambaye wazazi wote walimwita daktari na ambaye hakuwa na mazoea ya kupaka maneno sukari.

"Leo Quincy apumzike, daktari," Khisa alisema. "Tumemleta huyu. Ni miguu. Watoto wa umri wake wanakimbia, yeye hata kusimama hasimami. Niambie tu ukweli, nimejitayarisha."

Chemutai alimpokea Naliaka, akamkalisha kwenye mkeka wa mazoezi. Alimvuta mikono, akamlaza, akamgeuza, akamgonga chini ya goti kwa kinyundo chake cha mpira, akamshika kwapani na kumuegemeza huku na huku. Khisa alifuata kila kidole chake kwa macho. Mwishowe Chemutai alichukua kichezeo cha plastiki chenye kengele, akakitikisa, akakiweka juu ya benchi fupi.

Naliaka alikitazama kichezeo. Kisha akageuza kichwa akamtazama mama yake.

Alimtazama kwa muda, kama mtu anayengoja kukatazwa. Nerima hakusogea. Basi mtoto akaushika ukingo wa benchi, akajivuta, akatetemeka magoti, akasimama. Akakipiga kichezeo kwa kiganja, kengele ikalia.

"Asante Yesu," Khisa alisema, akajiketisha kwenye kiti kana kwamba ni yeye aliyekuwa akifundishwa kusimama. "Asante Yesu. Asante Yesu."

Chemutai alikuwa amekunja uso. "Hana shida yoyote huyu. Misuli iko sawa. Ni mnyonge tu kidogo wa mapaja, kama mtoto aliyeketishwa sana. Nyumbani hajawahi kushika kiti, meza, kitu?"

"Hata siku moja," alisema Khisa.

"Ameshika," alisema Nerima.

Wote wawili wakamgeukia. Sauti ilikuwa imetoka ndogo, lakini ilikuwa imeshatoka, na maneno mengine yakaifuata. Aliwaambia juu ya mguu wa meza, juu ya leso, juu ya beseni. Aliwaambia jinsi alivyokuwa anambonyeza begani. "Quincy alikuwa anaangalia," alisema. "Sikutaka aone. Nilisema ni siku hiyo tu."

Naliaka alikuwa bado anaipiga ile kengele.

Khisa alisema taratibu, "Jumamosi uliniona."

"Nilikuona."

"Nilikuambia habari ya ndugu ya baba. Nililia mbele yako, Nerima. Ukaniangalia tu."

Nerima aliinamia mapaja yake mwenyewe akalia, na hakuna aliyemkataza. Chemutai alivuta kiti karibu, lakini hakumgusa mpaka alipotulia.

"Sitakuambia si kitu," alisema. "Ni kitu. Angekaa hivyo mwaka mzima tungekuwa na kazi. Lakini hujamharibu. Mweke chini leo, na baada ya muda mfupi utachoka kumkimbiza." Akamgeukia Khisa. "Na wewe, baba. Huyo ndugu ya baba yako simjui, siwezi kusema alikuwa na nini. Lakini karatasi za Quincy nimezisoma. Alikosa hewa akizaliwa. Haikutoka kwa damu yenu."

Nerima aliinua uso uliolowa. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa imeshaharibika, aliona heri imalizike yote. "Na kama mtu alingoja nyumbani? Kama uchungu ulianza akaendelea kufua nguo?"

Chemutai alifikiri kabla ya kujibu, na Nerima alimshukuru kwa hilo baadaye. "Sijui, mama. Pengine ungekuja mapema mambo yangekuwa tofauti. Pengine yangekuwa vilevile. Nimeona watoto kama Quincy ambao mama zao walikuwa wodini tangu asubuhi. Hakuna mtu atakuambia, kwa sababu hakuna anayejua. Lakini nimeona hilo swali likimaliza wazazi kabisa, na mtoto akabaki bila mtu." Akaongeza, kama kitu kidogo tu, "Ijumaa mchana wazazi wa watoto kama Quincy hukutana kwenye ukumbi wa kanisa hapo ng'ambo. Nimekualika mara nyingi. Unasema una masweta."

Walirudi nyumbani kwa miguu kutoka stendi, Khisa na Quincy begani, Nerima na Naliaka mgongoni. Walipofika, Nerima alifungua leso, akamweka Naliaka sakafuni katikati ya nyumba, akalichukua beseni akalipeleka nje.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Khisa hakumkasirikia kwa kelele. Afadhali angefanya hivyo. Alifanya kila kazi yake kama kawaida. Alimsalimu, alimuuliza kama unga upo, alimshukuru kwa chakula. Lakini alikuwa kama mgeni mwenye adabu. Nerima alifuma masweta kichwa kimeinama. Alikosea vipimo mara mbili akafumua yote. Kila Naliaka alipomtazama kabla ya kushika kiti, kwa lile jicho la kuomba ruhusa, Nerima alilazimika kusema, "Shika, mama, shika."

Jumapili, baada ya kanisa, Khisa aliketi kitandani akimvua Quincy soksi. Bila kuinua kichwa aliuliza, "Alivaa nini hiyo siku?"

"Siku gani?"

"Siku alisimama mara ya kwanza."

Nerima alifikiri. "Ile nguo ya njano. Na soksi moja. Nyingine alikuwa ameivua."

"Alicheka?"

"Alitoa ulimi. Kama anayebeba kitu kizito."

Khisa alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Na mimi nilikuwa nakata sabuni," alisema. Akaikunja ile soksi ya Quincy, akaikunjua. "Kwa Quincy hatukupata kuona. Hii tungeiona wote. Ulininyang'anya, Nerima."

"Najua."

"Usinifiche kitu tena. Hata kikiwa kibaya. Hasa kikiwa kibaya." Aliiweka soksi kitandani. "Na mimi sitakuficha. Mimi pia nilikuficha."

Haikuwa msamaha kamili, na Nerima hakuuchukua kama msamaha kamili. Lakini jioni hiyo, akimwogesha mtoto, Khisa alipiga mluzi mstari mmoja, akaacha.

Naliaka alianza kutembea mwezi wa Julai. Hatua zake za kwanza zilimtoa kwenye kiti, zikampitisha katikati ya sebule, zikamwangusha juu ya godoro la Quincy, kichwa chake kikagonga tumbo la kaka yake. Nerima aliganda. Hilo ndilo jambo alilokuwa amelikimbia tangu Aprili. Quincy alishtuka, mikono ikaruka juu kama inavyoruka akishtuliwa, mdomo ukafunguka. Halafu akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha kukatika-katika ambacho humtoa mate, akacheka hadi Naliaka naye akaanza. Nerima alisimama hapo na mkono mdomoni. Alipaswa kufurahi, na alifurahi, lakini juu ya furaha kulikuwa na aibu: miezi yote hiyo alikuwa amemsemea mtoto maneno ambayo mtoto hakuwa ameyasema.

Lakini haikuwa rahisi hivyo pia. Wiki mbili baadaye Naliaka aligundua mlango. Alitoka, akavuka kizingiti, akaenda zake nje kuwafuata watoto wa ploti, na Quincy akapiga yowe. Lilikuwa yowe la hasira, la uso kukunjamana na mgongo kukakamaa. Nerima alimshika, akambembeleza, akampa uji, naye akaukataa. Kila Naliaka alipotoka, ilikuwa vivyo hivyo. Ile sauti ndani ya Nerima ikarudi: umeona sasa, ulikuwa sahihi, inamuuma. Mkono wake ulitaka kufunga mlango. Siku moja aliufunga kabisa, akasimama nyuma yake, Naliaka akigonga kutoka nje, Quincy akilia kutoka ndani.

Akaufungua. Hakujua afanye nini, basi akafanya lililokuwa karibu. Alimwinua Quincy akamtoa nje, akamkalisha kwenye kiti chake cha mbao chenye mikanda, kile ambacho alikuwa akikitumia ndani tu, kwa chakula. Akamweka kando ya mlango palipokuwa na jua. Quincy akanyamaza. Akawatazama watoto, akamtazama paka juu ya ukuta, akamtazama mwanamke aliyekuwa akisuuza nguo bombani. Yowe halikuwa la miguu. Lilikuwa la kuachwa ndani.

Ndipo Nerima alipokiona kitu kingine ambacho hakuwa amekitafuta. Kwa muda gani alikuwa amemweka mtoto huyu chini ya dirisha? Khisa alimbeba mjini mchana kweupe. Yeye, mama, alimtoa kwenda kliniki na kumrudisha, amemfunika kitambaa usoni akisema ni vumbi. Maswali ya watu yalimchosha, huruma yao ilimchosha zaidi, na pole pole nyumba ikawa ndiyo dunia ya mtoto. Alimwambia Khisa jioni ileile, kabla hajapata nafasi ya kulifunika. Khisa alisikiliza mpaka mwisho. "Hilo nilikuwa naliona," alisema. "Sikujua nikuambie aje."

Ijumaa iliyofuata Nerima aliacha masweta akaenda kwenye ukumbi wa kanisa. Khisa alikuwa zamu ya mchana. Walikuwa wazazi wachache kwenye viti vya plastiki, watoto wengine wamelala mapajani, chai kwenye chupa. Alikuwa amepanga kusikiliza tu. Lakini alipoulizwa jina lake alilitaja, na baada ya jina ikatoka habari ya beseni. Aliisema akitazama sakafu, akingoja mtu anune.

Mwanamume mmoja mnene, Gathogo, mkulima wa viazi kutoka Molo, alikuwa wa kwanza kusema. Binti yake alikuwa amelala begani mwake. "Mimi nina kijana wa kwanza, anacheza mpira," alisema. "Anacheza vizuri, walimu wananiambia. Sijawahi kwenda kumwona akicheza. Hata mara moja. Nasema nina shamba." Akamsogeza binti yake bega la pili. "Anajua ninadanganya. Ameacha kuniita."

Hakuna aliyetoa hotuba. Mama mmoja alimmiminia Nerima chai. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi, ingawa wepesi huo haukudumu hadi asubuhi. Kesho yake alimwona Naliaka akimtazama kabla ya kupanda ngazi ya mlango, na uzito ukarudi mahali pake. Siku hizi Nerima amekwisha kuzoea kwamba uzito huo huja na kwenda. Yeye huenda ukumbini kila Ijumaa anapoweza. Khisa huenda zamu ikiruhusu, na mara moja alisimama akaeleza habari ya yule mtu aliyefichwa jikoni, akamtaja jina, Wekesa, jambo ambalo familia yao haikuwa imelifanya kwa miaka mingi.

Naliaka sasa ana miaka miwili na haombi ruhusa ya mtu. Quincy hushinda nje, mara nyingi karibu na kibanda cha Shosho Wachuka, ambaye humzungumzisha Kikuyu siku nzima na kudai anaelewa kila kitu. Wateja wengine humsalimu. Wengine hugeuza macho, na Nerima anajifunza kuwaacha wageuze.

Kuna mambo ambayo Nerima bado hayajui. Majuzi mvua ilinyesha, maji yakatuama mbele ya lango, na Naliaka akaingia katikati kuruka-ruka. Quincy alikuwa kitini. Hakucheka wala hakulia. Aliitazama miguu ya dada yake, aliitazama kwa muda mrefu sana, na uso wake haukumwambia Nerima kitu. Zamani angejaza nafasi hiyo kwa maneno yake mwenyewe. Safari hii alichuchumaa mbele yake.

"Unataka, baba? Unataka maji?"

Quincy aliyageuza macho kwake, kisha akayarudisha kwenye maji. Akaguna ile sauti ya kuuliza.

Nerima alifungua mikanda. Alimvua soksi, akamshika kwapani, akamwinua. Amekuwa mzito, mgongo wa mama hauwezi tena kama zamani. Alimpeleka hadi kwenye maji, akaishusha miguu yake ile myembamba iliyopishana, vidole vikagusa, nyayo zikazama. Quincy alipiga kelele. Kama ilikuwa ya raha au ya baridi, Nerima hakujua. Alimwinua haraka. Quincy akaguna tena, akajisukuma kuelekea chini.

"Atashikwa na homa huyo," Shosho Wachuka alisema kutoka kibandani, lakini alikuwa tayari amekwisha kuacha mboga zake. Alikuja akikunja sketi, akaingia majini na viatu vyake, akamshika Quincy upande wa pili.